Kinywa cha Stelingi: Majibizano, Hadhira na Siasa katika Vibanda vya Video vya Eastlands

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya umeishughulikia tamthilia kwa bidii. Kazi kama vile Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui, Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia na Kigogo (2016) ya Pauline Kea zimejadiliwa kwa mapana, hasa kwa jinsi zinavyomkabilisha mnyonge na mwenye mamlaka kwa njia ya maneno. Hata hivyo, yapo majibizano mengine ya Kiswahili baina ya mnyonge na mkubwa ambayo yamesikilizwa kwa miaka mingi katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, bila ya kupewa nafasi ya kutosha katika uhakiki huo. Hayo ni majibizano yanayotiwa vinywani mwa waigizaji wa kigeni na wasimulizi wa filamu, maarufu kwa jina la madijei, katika vibanda vya kuonyeshea video.

Makala haya yanachunguza namna hadhira ya vibanda hivyo inavyoyapokea maneno ya filamu za mapigano zenye maudhui ya kisiasa, hususan filamu za kutoka India. Hoja inayotolewa ina sehemu mbili. Kwanza, tukio la mazungumzo marefu, ambalo lingetarajiwa kuichosha hadhira isiyoijua lugha ya filamu, ndilo lenye uhai mkubwa zaidi wa kifasihi kibandani, kwa kuwa hapo ndipo matini mpya ya Kiswahili inapotungwa. Pili, makofi, miluzi na vicheko vya hadhira ni sehemu ya matini hiyo, na vinastahili kuhakikiwa kwa makini yale yale yanayotumiwa kuhakiki maneno ya msimulizi. Kuvihakiki, kwa upande mwingine, si kuvisifu tu. Swali la iwapo makofi hayo ni kauli ya kisiasa au ni njia ya kuikimbia siasa litajadiliwa pia.

Shujaa msemaji katika filamu za Kerala

Ili kuielewa sanaa ya kibandani, inafaa kuanza na filamu ambazo maneno ndiyo silaha yake kuu. Mfano bora unapatikana katika filamu za Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala lililo kusini-magharibi mwa India. Katika miaka ya 1990, mwandishi Renji Panicker, aliyekuwa mwanahabari, alishirikiana na mwongozaji Shaji Kailas kutunga filamu kadhaa ambamo shujaa humshambulia mwanasiasa kwa hotuba kabla ya kumshambulia kwa ngumi. Miongoni mwazo ni Ekalavyan (1993), Commissioner (1994) na The King (1995). Katika Commissioner, Suresh Gopi huigiza afisa wa polisi. Katika The King, Mammootty huigiza mkuu wa utawala wa wilaya. Mashujaa hawa wawili ni watumishi wa serikali, na maadui wao ni mawaziri, matajiri na wakubwa wenzao serikalini.

Kinachozitofautisha filamu hizi na filamu nyingine za mapigano ni urefu na mpangilio wa usemi. Shujaa husimama mbele ya waziri, akamworodheshea maovu yake, akachanganya Kimalayalam na Kiingereza, akapandisha sauti hatua kwa hatua, kisha akakatiza ghafla. Mikatizo hiyo imepimwa kwa ajili ya hadhira. Mwandishi ameacha nafasi ya makofi, kama mtunzi wa wimbo anavyoiachia hadhira nafasi ya kiitikio. Haishangazi kwamba fani hii ilistawi Kerala, jimbo lililowahi kuichagua serikali ya kikomunisti mwaka 1957 na ambalo siasa zake za vyama, magazeti na mikutano ya hadhara zimewazoesha watu kupima hotuba. Mtazamaji wa Kerala humpigia makofi shujaa kwa sababu anaitambua hotuba nzuri na anajua ni nani, nje ya ukumbi, asiyethubutu kuitoa.

Ni vigumu kufikiria aina ya filamu isiyofaa zaidi kusafirishwa. Ngumi hueleweka popote. Hotuba ya Kimalayalam haieleweki hata katika sehemu kubwa ya India yenyewe. Swali linalozuka ni hili: hotuba kama hiyo inapofika Kayole, Dandora au Kariobangi, mbele ya watu wasiojua hata neno moja la lugha yake, inabaki na nini?

Sauti juu ya picha

Jibu limo katika sauti ya pili. Katika Afrika ya Mashariki, filamu ya kigeni imekuwa na msimulizi tangu zamani, na msimulizi wa kwanza alikuwa chombo cha dola. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika uliojulikana kwa ufupisho wa BEKE ulitengeneza filamu na kuzizungusha katika makoloni ya Waingereza, zikiwa na maelezo kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Baadaye magari ya sinema ya serikali yaliendelea na mtindo huo wa maelezo. Kazi ya sauti hiyo ilikuwa kuondoa shaka. Picha ingeweza kufasiriwa kwa njia nyingi. Mwenye kipaza sauti alihakikisha kwamba inafasiriwa kwa njia moja.

Msimulizi wa kibandani amekirithi kipaza sauti hicho akakigeuza matumizi. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Uganda, wasimulizi wa video wamekuwa sehemu ya utengenezaji wenyewe, kiasi kwamba filamu Who Killed Captain Alex? (2010), iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, inajulikana duniani pamoja na sauti ya msimulizi wake, VJ Emmie. Nchini Kenya, jina lililovuma zaidi ni la DJ Afro, ambaye usimulizi wake umesambaa kupitia diski, matatu, vinyozi na simu. Aidha, filamu ya Kenya Supa Modo (2018), iliyoongozwa na Likarion Wainaina, imemfanya msimulizi wa namna hii kuwa mmoja wa wahusika wake, ishara kwamba wasanii wameutambua umuhimu wake mapema kuliko wahakiki.

Eastlands palikuwa mahali pafaapo kwa sanaa hii kukita mizizi. Kuanzia Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni za enzi ya ukoloni hadi Umoja, Dandora na Kayole zilizokuja baada ya uhuru, mitaa hii imewakusanya watu wa lugha nyingi ambao iliwabidi wazungumze. Kiswahili chao kimenyambuka, kikazaa Sheng, na kuwajengea vijana mazoea ya kumpima mtu kwa wepesi wa ulimi. Katika mazingira hayo, anayesimama mbele ya watu na kipaza sauti bila ya kuwa na maneno hawezi kuvumiliwa kwa muda mrefu.

Tukio la majibizano kama uwanja wa utunzi

Katika tukio la mapigano, msimulizi hufuata picha. Mtu akirushwa dirishani, hakuna mengi ya kusema ila kumsifu aliyemrusha na kumpa pole aliyerushwa. Msimulizi hapo anafanana na mtangazaji wa mpira. Mambo hubadilika shujaa anapoingia katika ofisi ya mwanasiasa na kuanza kusema. Kwa dakika mbili au tatu midomo inacheza, vidole vinanyooshwa, macho yanatolewa, na hadhira haijui kinachosemwa. Msimulizi ameachiwa pengo ambalo hana budi kulijaza, na vipimo vya pengo hilo si vyake: aanze midomo inapoanza, apandishe sauti mkono unapopanda, na amalize usemi kabla ya picha kukata. Huu ni utunzi wenye arudhi yake. Kama vile mshairi anavyobanwa na mizani na vina, ndivyo msimulizi anavyobanwa na midomo ya mtu mwingine.

Msimulizi dhaifu huikwepa kazi hii. Hutoa muhtasari wa sentensi moja, kisha akasubiri ngumi. Msimulizi hodari hukaa hapo hapo, kwani anajua kwamba sifa yake itatokana na tukio hilo. Mbinu tatu zinajitokeza katika usimulizi hodari.

Mbinu ya kwanza ni majazi. Wahusika hupewa majina ya mtaani, na mahali pa tukio pakahamishwa. Jumba la kifahari la jiji la India likawa Karen au Runda, na kichochoro kikawa kichochoro kinachojulikana. Kwa kitendo hiki kidogo cha kutaja, waziri wa Kerala anakuwa mtu ambaye hadhira inamjua kwa sura nyingine. Msimulizi hajamtaja kiongozi yeyote wa Kenya. Hadhira ndiyo inayomtaja, kimoyomoyo au kwa sauti.

Mbinu ya pili ni ugawaji wa sajili. Mkubwa anapopewa Kiswahili cha baraza, chenye mafumbo ya hekima na ahadi za maendeleo, na shujaa akapewa Sheng, mgogoro wa filamu huwa mgogoro wa lugha pia. Hadhira ya Nairobi ina sikio lililozoezwa vyema kwa jambo hili. Wakati wa utawala wa Daniel arap Moi (1978 hadi 2002), taarifa za habari za redio na televisheni ya taifa zilikuwa zikianza kwa shughuli za Rais, na sauti ya mamlaka ikawa kitu kinachotambulika kabla ya maneno yenyewe kusikika. Kikundi cha Redykyulass cha Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna kilipata umaarufu wake kwa kuiiga sauti hiyo. Hivyo, kibandani, kicheko huweza kuzuka mkubwa anapofungua tu kinywa, kabla hajasema lolote la kuchekesha. Tashtiti imo katika sajili.

Mbinu ya tatu, na iliyo muhimu zaidi, ni mchanganyiko wa nafsi. Katika filamu ya Kimalayalam, waziri husema na shujaa akamjibu. Kibandani, msimulizi husema kama waziri, akatoka nje ya waziri na kumcheka, akawageukia watazamaji na kuwauliza iwapo wamesikia, kisha akaingia ndani ya shujaa na kumjibu. Kinywa kimoja kinabeba wahusika wawili na fanani mmoja. Muundo huu ni wa ngano. Mtambaji humwigiza fisi, akamsuta fisi, na kuitaka hadhira imshuhudie. Kwa hiyo filamu iliyofika ikiwa imefungwa, yenye maneno yasiyoweza kubadilishwa, hufunguliwa na kurejeshwa katika hali ya utendaji ambamo kila onyesho ni toleo jipya.

Jambo hili lina uzito wa kisiasa ambao historia ya jukwaa nchini Kenya inaudhihirisha. Kwa muda mrefu michezo ya kuigiza na filamu zilitawaliwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ya mwaka 1962. Leseni ya Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, ilifutwa Novemba 1977, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo huo. Mchezo ule ulikuwa na mswada, jukwaa na waandishi waliojulikana. Dola ilijua pa kushika. Maneno yanayozaliwa kibandani usiku mmoja hayawezi kusomwa na mkaguzi mapema. Mswada wake ni midomo ya Mhindi.

Hadhira kama mhakiki

Mtazamaji wa kibandani hakai kimya. Humwonya shujaa kuhusu adui aliyejificha, hubashiri mwisho, humrudishia msimulizi neno lililompendeza, na husonya neno lililokosa ladha. Shujaa ana jina lake maalumu, stelingi, na kuna imani iliyoenea kwamba stelingi hafi. Imani hii inaonekana kuwa ya kitoto. Ukiitazama vyema, ni kanuni ya kifasihi inayofahamika na wote: kwa kuwa taharuki ya kifo imeondolewa, masikio yamebaki huru kusikiliza jinsi stelingi anavyosema. Hadhira ya utenzi wa Fumo Liyongo nayo inakijua kisa tangu mwanzo. Inachokitafuta ni namna kinavyosemwa.

Makofi ya kibandani kwa hiyo hayaangukii mahali pamoja na makofi ya Kerala. Kule yalipangwa na mwandishi, na mahali pake ni pale shujaa anapokatiza. Kibandani yanaweza kuja mapema, msimulizi anapomfanya mkubwa ajisifu kwa maneno ambayo hadhira imewahi kuyasikia kwenye mkutano wa kampeni. Au yanaweza kukosekana kabisa shujaa anapotoa hotuba ya uadilifu isiyo na chumvi. Kimya hicho ni hukumu. Kinamwambia msimulizi kwamba hotuba nzuri juu ya uadilifu imesikika mno katika nchi hii, na kwamba anayetaka kuaminiwa hana budi kutafuta maneno mengine.

Inafaa kukumbuka kwamba Eastlands ndiko kuliko na uwanja wa Kamukunji. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, watu waliokwenda hapo kudai mfumo wa vyama vingi walitawanywa kwa nguvu, siku chache baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kutiwa kizuizini. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba kikaondolewa. Jina la uwanja huo limeingia katika lugha: vijana wa vyuo vikuu huuita mkutano wao wa majadiliano kamukunji. Mahali palipogeuka kuwa neno la kukusanyika na kusema si mahali ambapo usemi dhidi ya mkubwa unaweza kusikika kama burudani tupu.

Mipaka ya makofi

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudai kwamba kila mluzi ni uasi. Pingamizi tatu zinastahili kukabiliwa.

Pingamizi la kwanza linahusu ushindi wa maneno. Katika filamu hizi, hotuba ya shujaa hushinda kwa kuwa ngumi zinaifuata. Maneno hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na misuli. Mtazamaji anayetoka kibandani akiamini kwamba mkubwa huanguka kwa kuambiwa ukweli ameuziwa faraja. Tamthilia ya Kiswahili imekuwa na uangalifu zaidi katika jambo hili. Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein inaonyesha kwamba neno linaloamsha watu linaweza pia kumponyoka aliyelitoa, na gharama yake ikalipwa kwa damu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa Eastlands. Shujaa wa Commissioner ni polisi anayeivunja sheria ili kuitetea haki. Huko Mathare, ripoti ya Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare ya mwaka 2017 iliorodhesha mauaji ya vijana mikononi mwa polisi. Nayo filamu Nairobi Half Life (2012) ya David Gitonga imeonyesha jinsi risasi ya polisi inavyoweza kuhitimisha maisha ya kijana bila ya mahakama. Mtazamaji wa mitaa hii akimshangilia afisa mwenye bastola na ulimi mkali, anamshangilia nani? Jibu linategemea msimulizi. Anaweza kumvua afisa yule sare kwa maneno, akamfanya kijana wa mtaa aliyechoka kuonewa. Lakini anaweza pia kuiacha sare ilipo, na hadhira ikajikuta ikiyapigia makofi mauaji yanayoiogofya mchana. Hapa ndipo sanaa ya msimulizi inapogeuka kuwa dhima, na ndipo uhakiki unapohitajika zaidi kuliko sifa.

Pingamizi la tatu linahusu wanaochekwa. Kerala yenyewe imelitazama upya suala hili: maneno ya dharau ambayo shujaa wa The King anamtolea afisa mwenzake wa kike yalishangiliwa mwaka 1995, na baadaye yakalaumiwa vikali. Kibandani, ambako hadhira aghalabu ni ya wanaume, mzaha kwa gharama ya mwanamke ndio njia fupi zaidi ya kupata kicheko. Msimulizi anayemsuta waziri kwa ujasiri na papo hapo akamdhalilisha katibu wa waziri huyo amemwondoa mkubwa mmoja kitini na kumkalisha mwingine. Makofi hayatofautishi mambo haya mawili. Mhakiki hana budi kuyatofautisha.

Inafaa kuongeza kwamba kinywa cha stelingi hakina uaminifu wa kudumu. Suresh Gopi, aliyejizolea umaarufu kwa kuwakemea wanasiasa kwenye filamu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Thrissur mwaka 2024 na kuwa waziri mdogo katika serikali ya India. Umaarufu uliojengwa kwa kumkabili mkubwa ulikuwa mtaji tosha wa kuingilia ukubwa.

Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba filamu ya siasa yenye maneno mengi, inapofika katika vibanda vya Eastlands, hupoteza maneno yake ya awali na kupata mengine yanayotungwa kwa kaida za ngano, majibizano na tashtiti ya Kiswahili. Umeonyesha pia kwamba hadhira hushiriki katika utunzi huo kwa makofi na kwa kimya, na kwamba ushiriki huo una ujasiri na una upofu wake.

Lipo jambo moja la dharura. Usimulizi uliorekodiwa kwenye diski unaweza kusikilizwa tena na kuhakikiwa wakati wowote. Diski hiyo, hata hivyo, ina sauti ya msimulizi pekee. Onyo la mtazamaji wa nyuma, kicheko kilichomfanya msimulizi arefushe usemi, na kimya kilichomwadhibu havimo. Kadiri simu ya mkononi inavyochukua nafasi ya kibanda, ndivyo filamu inavyotazamwa na mtu mmoja mwenye visikizi masikioni, na nusu ya matini inatoweka bila ya kuandikwa. Taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili ilijifunza kwa kuchelewa kwamba ngano iliyoandikwa bila ya kiitikio ni ngano pungufu, na watambaji wengi walikuwa wamekwisha kufa. Wanafunzi wanaotumwa vijijini kukusanya ngano wangeweza kutumwa Dandora na Kayole pia, wakiwa na vinasa sauti vilivyoelekezwa kwenye viti.